Drive-In Ilienda Wapi? Somo la Jumba Lililovunjwa, kwa Vijana wa Kasokola

(Haya ni maneno niliyozungumza kwenye kikao cha vijana wa chama hapa kata ya Kasokola, Manispaa ya Mpanda. Waliokosa kufika waliomba yawekwe kwenye blogu. Nimeyaacha karibu kama nilivyoyasema, nimeondoa tu marudiorudio.)



Katibu aliniambia nizungumzie vijana na haki ya ardhi. Nikamjibu sawa, ila nitapitia njia ya sinema. Akacheka, akasema wewe umeenda chuo kusoma sheria au kuangalia muvi? Sasa naomba dakika zangu ishirini, halafu mtaamua wenyewe kama nimepotea njia.

Nianze na swali. Nani kati yenu ameshafika Dar es Salaam? Nyoosheni mikono. Wengi kumbe. Sasa ukipanda daladala za upande wa Msasani, au ukimwambia bodaboda nipeleke ubalozi wa Marekani, bado kuna watu watakwambia "pale Drive-In". Drive-In ni nini? Kijana wa leo anadhani ni jina tu la mahali, kama Kasokola au Nsemulwa. Kumbe ni jina la sinema. Sinema yenyewe haipo. Jina limebaki linazurura barabarani kama mtu aliyevunjiwa nyumba.

Drive-In ilifunguliwa mwaka 1966. Ilikuwa sinema ya uwanjani, wazi juu, skrini kubwa imesimama kama ukuta, na magari yamejipanga kuiangalia. Familia inakaa ndani ya gari au pembeni ya gari, chakula kimebebwa kutoka nyumbani, watoto wanakimbizana mpaka picha ianze. Wazee wa mjini hawasemi "muvi", wanasema "picha". "Tulikwenda kuona picha." Jumapili ilikuwa siku ya familia, na filamu za Kihindi zilikuwa zinapendwa kweli kweli.

Angalieni mwaka huo vizuri: 1966. Mwaka uliofuata, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha. Yaani nchi inatangaza Ujamaa na Kujitegemea huku pale Msasani kuna sinema ya kuingia na gari. Ni wangapi walikuwa na gari Tanzania ya 1967? Kwa hiyo Drive-In haikuwa paradiso ya wanyonge, tusidanganyane. Lakini ilikuwa mahali ambapo watu wa rangi tofauti na dini tofauti walikaa usiku mmoja, wakacheka jambo moja, wakarudi nyumbani.

Na haikuwa peke yake. Katikati ya jiji kulikuwa na Empire, Avalon, Odeon, Empress, Chox. Ilala kulikuwa na Amana. Tanga walikuwa na Majestic na Regal. Mwanza walikuwa na Tivoli na Liberty. Moshi walikuwa na Plaza, Arusha Metropole. Zanzibar ndiyo ilitangulia mbali: jumba la Royal lilijengwa mwaka 1921, likaungua moto miaka ya 1950, likajengwa upya na kuitwa Majestic. Wengi wa waliojenga majumba haya walikuwa wafanyabiashara Wahindi waliozaliwa au kukulia hapa hapa. Waliweka fedha zao kwenye jengo ambalo huwezi kulihamisha. Mtu anayejenga jumba la sinema anasema kwa vitendo: mimi hapa nipo.

Nako kulikuwa na ubaguzi. Serikali ya kikoloni Tanganyika iliweka udhibiti: kuna filamu Mzungu aliruhusiwa kuiona na Mwafrika akakatazwa, eti itamharibu akili. Kwa ajili ya Mwafrika walikuwa na filamu nyingine, za kumfundisha. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wao pale Vugiri, upande wa Korogwe, wa kutengeneza filamu za "kuelimisha wenyeji" na kuzizungusha kwa gari vijijini. Mkoloni alielewa mapema kitu ambacho sisi tunachelewa kukielewa: mahali watu wanapokusanyika pana nguvu, na anayepashika anapata masikio ya watu.

Sasa twende kwenye kufa kwake, maana hapo ndipo sheria inaingia.

Sinema za Tanzania hazikuuawa na simu. Nisikilizeni. Simu ilikuta zimeshakufa. Ziliuawa polepole, na kila pigo lilikuwa na karatasi yake.

Pigo la kwanza lilikuwa la usambazaji. Mwaka 1968 serikali ilianzisha Kampuni ya Filamu, ambayo baadaye ilikabidhiwa kazi ya kuingiza na kusambaza filamu nchini. Lengo halikuwa baya. Serikali ilitaka fedha zibaki nyumbani na filamu zetu zitengenezwe. Lakini ukiweka mlango mmoja tu wa kupitisha filamu, na nchi haina fedha za kigeni, mlango ule ukikwama kila mtu amekwama. Skrini zikaanza kurudia picha zile zile, kuukuu, zimekatika katikati.

Pigo la pili likawa la majengo. Mwaka 1971 ilipitishwa Sheria ya Utwaaji wa Majengo. Nyumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 ikachukuliwa na serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Baadhi ya majumba ya sinema yakaingia humo. Mtu aliyejenga akageuka mpangaji kwenye jengo lake. Sasa niambieni, mpangaji anapaka rangi? Mpangaji anabadilisha paa linalovuja? Na Msajili naye, mwenye maelfu ya nyumba, atakumbuka viti vya sinema vilivyochanika?

Kulikuwa na sababu ya haki nyuma ya sheria ile, siwezi kuificha. Nyumba za mijini zilikuwa mikononi mwa wachache na kodi zilikuwa zinaumiza. Lakini somo langu ni hili: kuandika jina la umma kwenye hati hakutoshi. Kama umma wenyewe hauna sauti juu ya jengo lile, hauulizwi, hauonyeshwi mahesabu, basi umebadilisha mwenye nyumba tu. Umma umebaki pale pale barabarani.

Pigo la tatu ni mafuta. Wakati wa tatizo la mafuta serikali ilipiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sinema ya magari, na siku yake kubwa ni Jumapili usiku! Hesabu wenyewe.

Halafu ikaja video miaka ya themanini, na mwaka 1994 televisheni za binafsi zikaanza Tanzania Bara. Kufikia hapo jengo la sinema lilikuwa na thamani moja tu iliyobaki: kiwanja chake.

Na hapo ndipo tingatinga hupita. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani Dar es Salaam ulilipuliwa kwa bomu, siku moja na ule wa Nairobi. Dar walikufa watu 11. Nairobi zaidi ya 200. Wamarekani wakahitaji eneo kubwa la kujenga ubalozi mpya ulio mbali na barabara. Eneo likapatikana Msasani, pale ilipokuwa Drive-In. Ubalozi mpya ukafunguliwa mwaka 2003. Mahali palipokuwa pa kuingia kila mwenye tiketi, leo pana ukuta na walinzi.

Sisemi Wamarekani waliiba. Watu walikuwa wamekufa, na jengo salama lilihitajika. Ninachosema mimi ni kwamba mahali pa maelfu ya watu pakaondoka, na maelfu hao hawakuwa sehemu ya mazungumzo, kwa sababu kwenye macho ya sheria hawakuwepo. Walikuwa wateja. Mteja hana hati.

Hapa nataka mnielewe vizuri, makamanda, maana ndiyo shina la maneno yangu.

Katiba yetu, Ibara ya 24, inamlinda mwenye mali. Inasema kila mtu ana haki ya kumiliki mali na kuhifadhiwa mali yake kwa mujibu wa sheria, na ni marufuku kumnyang'anya bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili. Nzuri sana. Lakini anayelindwa ni mwenye mali. Mtumiaji je? Yule aliyekutana na mke wake pale, aliyejifunzia Kiswahili cha mjini pale, aliyesikia habari za uhuru pale kwenye foleni ya tiketi? Huyo hana ibara.

Utasema basi kuna sheria ya kulinda majengo ya kumbukumbu. Ipo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Nimeisoma. Jengo linahesabiwa kumbukumbu lenyewe kwa lenyewe kama lilijengwa kabla ya mwaka 1863. Mwaka 1863! Mpanda yenyewe kama mji haikuwepo. Reli ya kutoka Kaliua kuja hapa ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi. Jengo lililojengwa baada ya 1863 linalindwa pale tu mwenye mamlaka atakapolitangaza. Asipotangaza, halina mtetezi. Kwa hiyo historia yote ya babu zetu na bibi zetu, vituo vya reli, masoko, kumbi, sinema, inasubiri saini ya mtu mmoja.

Linganisheni na Majestic ya Zanzibar. Ipo ndani ya Mji Mkongwe, na Mji Mkongwe uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000. Jumba limechoka kwelikweli, lakini halikugeuzwa ghorofa la maduka kimyakimya, na wapo watu waliojitokeza kutaka lirudi kutumika. Kwa nini? Kwa sababu kuna karatasi, na kuna watu wanaoijua hiyo karatasi. Vyote viwili vinahitajika. Karatasi bila watu hulala kwenye kabati. Watu bila karatasi hupiga kelele mpaka greda linamaliza kazi.

Sasa kuna mmoja wenu ananiangalia kwa jicho la "dada, sisi Kasokola hatukuwahi kuwa na Avalon". Kweli. Sisi tulikuwa na kibanda umiza.

Mnacheka, lakini kibanda umiza ndiyo sinema ya Tanzania iliyobaki. Mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja, joto la kukausha samaki. Ndiko wengi wetu tulikojua kwamba stelingi hafi. Ndiko tulikosikia muvi za kigeni zikielezwa kwa Kiswahili na sauti kama ya Lufufu, mpaka bibi asiyejua Kiingereza hata neno moja anajua nani kamsaliti nani. Ndiko filamu za kina Kanumba zilikoangaliwa. Ndiko mpira unakoangaliwa mpaka leo.

Mtaa niliokulia kulikuwa na kimoja. Mama hakupenda niende, kwa hiyo nilikijua zaidi kwa nje. Nilikuwa kidato cha pili kilipovunjwa. Asubuhi watu wamekuja, wamesema ni hifadhi ya barabara, wamebomoa, wameondoka. Mwenye kibanda alikuwa na leseni ya biashara ya mwaka ule ule, aliyoilipia. Yaani mkono mmoja umepokea ada yake na mkono mwingine umemvunjia. Sitamtaja aliyefanya, na wala siyo lengo langu. Inawezekana kabisa kibanda kilikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, na Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 haitaki mtu ajenge humo. Lakini yule baba hakuonyeshwa alama, hakupewa notisi ya maandishi, hakupewa hata siku moja ya kutoa televisheni yake. Na sisi majirani wote tulisimama tunaangalia kama tuko sinema.

Hilo ndilo linaloniuma. Tulisimama tunaangalia. Hakuna aliyeuliza swali, maana hakuna aliyejua swali la kuuliza.

Unaona sasa kwa nini nimewapeleka Msasani na kuwarudisha? Kibanda cha mabati na Drive-In vimekufa kifo kimoja. Watu wengi wanapatumia mahali, mtu mmoja anapaamulia, na wengi wanajua habari siku tingatinga likiunguruma.

Na kwetu sisi wa upinzani hili siyo la burudani tu. Fikirieni mahali pa kukusanyika. Viwanja vya mpira kama Kirumba Mwanza, Sokoine Mbeya, Ali Hassan Mwinyi Tabora, vinamilikiwa na chama tawala. Hoja yetu ya miaka yote ni kwamba vilijengwa enzi ya chama kimoja, wakati kila Mtanzania alikuwa anachangia kwa kupenda au kwa kulazimika, na mwaka 1992 vyama vingi vilipoanza mali hizo hazikurudi kwa umma. Halafu kuanzia 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ikazuiwa, mpaka Januari 2023 zuio lilipoondolewa. Karibu miaka saba. Ukinyimwa uwanja, ukanyimwa ukumbi, ukavunjiwa hata kibanda, haki yako ya kukusanyika ya Ibara ya 20 utaifanyia wapi? Kwenye WhatsApp? Bando likiisha na haki imeisha.

Kuna anayesema: watu wana simu, ya nini majumba? Jibu langu ni rahisi. Kwenye simu kila mtu anacheka peke yake. Simu haikukutanishi na mzee wa mtaa wa pili ambaye hamfanani siasa. Kwenye benchi la kibanda utakaa bega kwa bega na kijana wa chama kile, timu yenu ni moja, na mkitoka mnaongea bei ya mahindi. Siasa ya nchi hii inahitaji mabenchi ya namna hiyo kuliko inavyohitaji magrupu.

Basi, tufanye nini? Mimi siyo wakili bado, kwa hiyo haya ni ya mwanafunzi, lakini ni ya kufanyika na hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, tuhesabu mahali petu. Kila tawi liandike: viwanja vya wazi, uwanja wa mpira, ukumbi, soko, miti ya mikutano, makaburi. Andika mpaka wake, nani anapatumia, tangu lini, na wazee gani wanajua historia yake. Pigeni picha, na tarehe iwepo. Siku ya mgogoro, daftari hilo lina thamani kuliko hotuba.

La pili, tuulize kwa maandishi. Katiba Ibara ya 18 inatupa haki ya taarifa, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa amjibu raia ndani ya siku 30. Uliza: eneo hili kwenye ramani ya mipango miji limepangwa kwa matumizi gani? Kuna ombi lolote la kubadilisha matumizi? Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, matumizi ya kiwanja hayabadilishwi kienyeji, yanahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Baki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri ni stori.

La tatu, twende kwenye vikao. Mkutano wa mtaa au kijiji, tuwepo. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi, ni haki yako kwenda kukaa na kusikiliza. Wengi wetu tunajua orodha ya wachezaji wa Arsenal kuliko ajenda ya baraza letu. Siwasemi nyinyi tu, najisema na mimi.

La nne, mwenye kibanda, mama ntilie, fundi wa pikipiki, wakiambiwa waondoke, tusikimbilie matusi. Tuwasaidie kuuliza maswali matatu: sheria gani, notisi iko wapi, na kama mtu alikuwepo kihalali kabla ya mradi, fidia inahesabiwaje? Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, fidia haiishii kwenye bei ya kiwanja peke yake. Kuna posho ya usumbufu, kuna usafiri, kuna faida ya biashara iliyopotea. Watu wengi hupokea kidogo na kushukuru kwa sababu hawajui kwamba kuna zaidi.

Nimalizie na majina. Nairobi wana mzunguko wa barabara unaoitwa Globe Cinema. Wana kituo cha Bellevue kwenye Barabara ya Mombasa, jina lililokuwa la sinema ya magari. Dar wana Drive-In yao. Sisi hapa Manispaa ya Mpanda tuna kata nzima inaitwa Mpanda Hotel. Waafrika Mashariki tuna tabia hiyo: jengo likienda, tunabaki na jina, na makondakta ndio wanakuwa watunza makumbusho yetu.

Ni tabia nzuri, lakini haitoshi. Sitaki miaka ishirini ijayo mtoto wa Kasokola ashuke kwenye kituo kinachoitwa "Uwanjani" aulize uwanja uko wapi, aonyeshwe ukuta. Uwanja ule upo leo. Vijana wanaucheza jioni hii hii, mnawasikia hapo nje. Kazi ya kwanza ya daftari letu ianzie hapo, kesho asubuhi, na katibu ameshakubali kununua daftari.

Nguvu ya umma!